Mlio Uliomfuata Baba hadi Sultan Hamud

Kila sikukuu ya taifa, wanajeshi wanapoingia uwanjani kwa hatua moja, nchi nzima husikia nyimbo za baba yangu. Alizitunga alipokuwa kiongozi wa bendi ya jeshi, na hata baada ya kustaafu ziliendelea kupigwa: ya kuingilia, ya kupita mbele ya jukwaa, na ile ya polepole ya kupitisha bendera. Jeshini jina lake linajulikana mpaka kwa kuruta wa juzi. Bendi za nchi jirani huzipiga pia. Kwetu Tulia, kijiji cha Kitui, siku kama hizo, wenye maduka walitoa redio nje na kufungulia sauti mpaka mwisho, na baba akipita sokoni wanaume walimpigia saluti, nusu mzaha, nusu heshima.

Tulipokuwa watoto kambini, kuna nyakati mama alitutoa nje na kutuambia, "Baba yenu anasikiliza." Hakukuwa na chochote cha kusikiliza. Baba alikuwa amekaa mezani, penseli mkononi, macho yakitazama ukuta, na wimbo mzima ulikuwa unapigwa kichwani mwake, tarumbeta, tromboni, ngoma na matoazi, kabla hajaandika hata mstari mmoja. Alikuwa akihitaji kimya tu. Mama alikilinda kimya hicho kama wengine wanavyolinda maji.

Alipostaafu, yeye na mama walirudi Tulia, wakajenga nyumba ya mawe, wakafuga mbuzi na nyuki. Jioni baba alifundisha vijana wa kanisa tarumbeta. Kisha mama akafariki, na baba akabaki peke yake. Mimi nilikuwa na duka la kushona nguo Sultan Hamud, huku Makueni, kando kabisa ya barabara ya Mombasa. Nilimpigia simu kila jioni. Hakuwa mtu wa kulalamika. Ndiyo maana nilishtuka siku aliponiambia, "Mwaitu, kuna kitu kinalia ndani ya hii nyumba, na sikipati."

Mwaitu, kwa Kikamba, maana yake ni "mama yangu". Aliniita hivyo tangu nizaliwe kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

Nilisafiri wikendi hiyo. Nilipofika nilikuta mbao za dari zimeng'olewa na kuegemezwa ukutani. Friji ilikuwa imezimwa, nyama imeharibika ndani. Saa ya ukutani ilikuwa nje, juu ya nyasi, kama mnyama aliyefukuzwa. Hata waya za sola zilikuwa zimekatwa. Baba alinishika mkono akanipeleka jikoni, akanisimamisha katikati.

"Nyamaza," akasema. "Sasa. Unasikia?"

Nilisikia kuku. Nilisikia upepo kwenye mabati, na mbali sana, mtu akikata kuni.

"Nasikia nini, Baba?"

"Hiyo. Hiyo inalia. Ni kama mtu amepuliza tarumbeta na akakataa kuvuta pumzi."

Nilitaka sana kuisikia. Niliziba mdomo na kukaza shingo, nikageuza kichwa huku na huku. Alikuwa ananitazama usoni kama mgonjwa anavyomtazama daktari. Nilipotikisa kichwa, alikaa kwenye kigoda, akaziba masikio yake yote mawili kwa viganja. Kisha akasema polepole, "Bado iko. Basi iko ndani yangu."

Akanieleza ilivyo. Bendi kabla ya kuanza kupiga, kila mtu hupuliza noti moja, ileile, ili ala zote zipatane. Noti hiyo ndiyo iliyokuwa inalia kichwani mwake, usiku na mchana. "Lakini imepanda," akasema. "Imepanda kidogo tu kuliko inavyopaswa. Ingekuwa mbaya kabisa ningeweza kuivumilia. Hii ni kidogo tu."

Tulianza na hospitali huko Kitui, kisha tukapewa miadi na daktari wa masikio aliyekuwa mjini Wote. Alikuwa kijana mpole, na alipojua baba ni nani alisimama akamsalimia kwa mikono miwili. Alimvalisha visikilizio na kumpima kwa muda mrefu, kisha akavuta kiti chake karibu.

"Mzee," akasema, "ndani ya sikio kuna vinywele vidogo sana vya kupokea sauti. Umesimama mbele ya tarumbeta na ngoma maisha yako yote. Vinywele vingi vimekufa, hasa vya sauti za juu. Sasa kichwa kikikosa sauti kilizozoea, kinajitengenezea yake."

"Dawa yake?"

"Dawa ya kuiondoa hakuna. Kuna vifaa vya kusaidia kusikia, vinaweza kupunguza. Na watu wengi, baada ya muda, huzoea."

Baba alimtazama bila hasira. "Daktari, kazi yangu yote ilikuwa kufundisha watu wasizoee noti iliyopanda."

Yule kijana aliangalia mikono yake.

Kanisani walimwombea. Mchungaji na wazee wa kanisa walimzunguka, wakamwekea mikono kichwani, wakampaka mafuta, na kusanyiko zima likaomba kwa sauti, kila mtu na maneno yake, mpaka madirisha yakatetemeka. Nilikuwa karibu naye. Niliona uso wake ukilegea, mabega yakashuka, machozi yakamtoka. Walipoona hivyo waliomba zaidi. Mchungaji alimwuliza mbele ya watu, "Mzee, imeondoka?" Na baba, ambaye hakuwahi kusema uongo, akasema, "Kwa sasa siisikii." Watu wakaimba kwa furaha.

Tulipofika nyumbani kukawa kimya, akaketi kitandani na viatu miguuni.

"Ilikuwa tu kelele yao," akasema. "Walikuwa na kelele kuishinda."

Jumapili iliyofuata walimwomba asimame kutoa ushuhuda wa uponyaji. Alikataa. Hakurudi tena kanisani, na vijana wake wa tarumbeta wakabaki bila mwalimu. Watu wengine walisema amekosa shukrani. Mmoja alimletea mafuta ya mbuzi ya kupasha moto na kutonesha masikioni. Alitonesha. Sikio la kushoto likaoza, likatoa usaha, na hata alipopona, mlio ulikuwa palepale.

Sasa niseme jambo ambalo watu wa mjini huwa hawaliamini. Tulia kuna kimya kikubwa sana. Mchana jua likikaza hata mbuzi hawalii. Kimya ambacho mama alikilinda ili baba afanye kazi, sasa ndicho kilichokuwa kinamwua polepole. Nilipomtembelea mara nyingine nilikuta nyumba tupu. Majirani walinielekeza kwenye posho mili, mashine ya kusaga unga. Nilimkuta amekaa chini nje ya kibanda cha mashine, kichwa kimeegemea mabati yanayotetemeka, vumbi la unga limemfunika nywele na nyusi, suruali imefungwa kiunoni kwa kamba kwa jinsi alivyokonda. Macho yalikuwa yamefumbwa.

Mwenye mashine alinivuta kando. "Huyu mzee anakuja asubuhi tukifungua. Anaenda tukifunga. Hatumfukuzi, lakini siku hakuna mahindi na mashine haiko on, anatembea tu akizunguka hapa kama kuku. Inatuumiza roho."

Nilimchukua siku hiyohiyo. Chumba changu Sultan Hamud kiko nyuma ya duka, na duka liko hatua chache kutoka barabarani. Matrela yanapita mchana na usiku, yanakata gia, yanapiga honi, yanasimama kwa breki za kupiga miluzi. Wapangaji wengi hukimbia mahali pale. Baba alilala usiku wa kwanza mpaka jua likawa juu, nikaenda mara mbili kuhakikisha anapumua.

Kwa muda tukawa na nafuu. Alikaa kwenye benchi nje ya duka, akiyatazama malori. Alianza kula. Wenye maduka jirani walimletea chai. Nilianza kuamini kwamba tumeukwepa ule mlio.

Ndipo mwanafunzi wake wa zamani akaja. Alikuwa kijana mdogo baba alipomfundisha kupuliza. Sasa alikuwa mtu mzima mwenye nyota mabegani na ndiye aliyeongoza bendi. Alisimama wima mbele ya benchi akapiga saluti ya kweli, na watu wa stendi wakageuka kutazama. Alikuwa amekuja kuomba wimbo mpya wa gwaride. Wakubwa walikuwa wanataka wimbo wa baba, si wa mtu mwingine. Alileta karatasi za muziki na penseli mpya.

Sikuwahi kumwona baba akitaka kitu kama alivyotaka kuandika wimbo ule. Alinyoa ndevu. Aliweka meza chumbani, akatazama ukuta, kama zamani. Na kila siku alitoka jasho likimtiririka, karatasi zikiwa tupu.

"Siwezi kusikia," akaniambia. "Nikianza, hiyo noti inakaa katikati kama mlevi kwenye harusi. Kila wimbo unainama kuifuata. Nikiita tarumbeta, inakuja hiyo. Nikiita filimbi, hiyo."

"Toka uandikie hapa nje, kwenye malori."

"Malori yanafunika ile noti, na yanafunika wimbo pia. Siwezi kufunika moja nikaacha nyingine." Alinitazama. "Mwaitu, ni kama nimefungiwa nje ya nyumba yangu."

Siku moja akaniomba nimwimbie mistari michache aliyofaulu kuandika, ili aisikie nje ya kichwa chake. Mimi sijui kusoma muziki. Alinifundisha mstari wa kwanza kwa kuniimbia, na sauti yake ikaenda kombo, na akajua imeenda kombo. Nilimwona akijua. Alikusanya karatasi, akazipanga vizuri, akazirudisha kwenye bahasha. Baada ya hapo hakusema mengi. Alifunga tarumbeta yake ndani ya blanketi, akanituma niipeleke kwa vijana wa kanisa Tulia. Niliipeleka nikifurahi kwamba amewakumbuka.

Kisha ikaja siku ile barabara ilipofungwa. Trela la mafuta lilianguka mbele huko kwenye kona, na polisi wakazuia magari yote pande zote mbili kwa kuogopa moto. Ilikuwa saa za asubuhi. Malori yalizima injini. Sikuwahi kusikia Sultan Hamud ikiwa hivyo. Ghafla ungesikia mtu akikohoa ng'ambo ya barabara. Watu walitoka madukani wakiongea kwa sauti ya chini bila kujua kwa nini. Mimi nilikuwa ndani, nampima mteja bega. Nilipotoka, benchi lilikuwa tupu na kikombe cha chai kilikuwa kimejaa.

Niliuliza duka la simu, hawakumwona. Niliuliza kwenye hoteli, nikakimbia mpaka stendi. Nilienda msikitini, nikaenda choo cha soko nikaita mlangoni. Nilianza kulia nikikimbia, bila aibu, na mkanda wa kupimia ukiwa bado shingoni. Mama mmoja anayeuza machungwa aliniita.

"Unatafuta yule mzee wa benchi? Amepita hapa ameziba masikio. Ameelekea reli."

Kuna kitu mwili hujua kabla ya akili. Niliongeza mbio. Nyuma ya nyumba za mwisho kuna njia ya vumbi, miiba, kisha mawe ya reli. Nilimwona kwa mbali, koti lake la kijivu, amesimama karibu sana na chuma, mgongo kwangu. Upande wa Mombasa garimoshi la mizigo lilikuwa linakuja. Nilipiga kelele nikimwita Baba. Nikamwita kwa jina lake, jina ambalo sijawahi kulitamka mbele yake. Hakugeuka. Hakuwa anasikia.

Nilimfikia nikalikamata koti kwa mikono miwili na kujitupa nyuma, tukaanguka pamoja juu ya mawe. Garimoshi lilipiga honi ndefu, kisha likatufikia. Ardhi ilitetemeka mpaka kwenye meno. Nilikuwa nimemkumbatia kwa nguvu zote, uso wangu mgongoni mwake, na mabehewa yakapita, yakapita, yakapita. Nilihisi mwili wake ukilegea, kama siku ile kanisani.

"Imenyamaza," alisema. Sikuisikia sauti yake, niliona midomo nilipoinua uso.

Behewa la mwisho likapita. Vumbi likashuka.

"Imerudi," akasema.

Tulikaa pale chini. Kiwiko chake kilikuwa kinatoka damu, nami kiatu kimoja sikukiona.

"Baba, ulitaka kufanya nini?"

"Nilikuja kusikiliza garimoshi. Hilo ni kweli. Lakini nilipofika, nikaona linakuja, nikasema, nikisogea hatua moja itanyamaza moja kwa moja." Alifuta kiwiko na kiganja. "Sikusogea mbele. Sikurudi nyuma pia. Nilikuwa hapo katikati. Ungechelewa, sijui."

"Ungeniambia."

"Nikuambie nini? Wewe huisikii. Hakuna mtu mwingine duniani anaisikia. Nikifa nayo, hakuna atakayejua ilikuwa noti gani."

Nilimwambia tu kwamba siwezi kuisikia lakini naweza kukaa, na kwamba siku ikizidi aniite kabla hajatembea hata kidogo. Nilimlazimisha aseme amekubali. Alisema amekubali, kwa sauti ya askari anayepokea amri asiyoipenda.

Wiki hiyo nilifunga duka. Tulirudi Wote kwa yule daktari kijana, na nilimweleza yote, baba akiwa ameketi pale kichwa kimeinama. Daktari hakumkemea. Alimpeleka kwa mwenzake, mama mmoja wa ushauri ambaye baba alianza kwenda kwake kila mara, na mwishowe tukapata vifaa vya masikio, vidogo, vinavyotoa mvumo kama mvua ya mbali. Havikuondoa kitu. Vilipunguza. Kuna siku vilipunguza vya kutosha, na kuna siku alivivua na kuviweka mezani na kuvitazama kwa chuki.

Mwanafunzi wake alirudi kuchukua wimbo. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia mimi mwenyewe, lakini baba aliniomba niwaletee chai na nikae.

"Wimbo hakuna," baba akamwambia. "Sitatunga tena. Masikio yangu yameisha. Kuna mlio, mchana na usiku, na juzi karibu uniue."

Yule afisa alisema pole, akaanza kusema maneno ya heshima, kwamba nyimbo zilizopo zinatosha. Baba alimkatiza.

"Wewe masikio yako yako aje?"

"Yako sawa, afande."

"Nimekuuliza swali."

Afisa aliweka kikombe chini. Alimtazama baba, kisha akanitazama mimi, kisha akatazama mlango, na yule mtu mkubwa mwenye nyota mabegani akaonekana tena kama kijana.

"Inalia," akasema. "Upande wa kulia. Imeanza mwaka jana. Sijamwambia mtu. Hata mke wangu."

"Noti gani?"

"Si noti, afande. Ni kama mchanga unamwagika."

"Kwa nini hujasema?"

"Wataniondoa kwa bendi."

Baba alifumba macho. Niliogopa kwamba maneno haya yatamzamisha zaidi, na kwa dakika chache nadhani yalimzamisha. "Ni mimi," akasema. "Niliwaambia mtu akiziba masikio kwenye bendi yangu ataosha vyoo. Mlikuwa watoto. Niliwaweka mbele ya matoazi."

"Hukujua, afande."

"Sikujua," baba akakubali, lakini haikumfariji.

Alienda kambini mwezi uliofuata. Nilimsindikiza. Vijana wa bendi walikuwa wamepangwa mbele yake, ala zinang'aa, na wote walidhani amekuja kuwasimulia jinsi alivyotunga zile nyimbo. Aliwaambia kuhusu mbao za dari na kuhusu posho mili. Aliwaambia kuhusu reli, bila kuficha chochote, na niliona wengine wakitazama viatu vyao. Aliwaambia wavae vizibo vya masikio kila mazoezi, na anayesikia mlio aseme leo. Hakuna aliyesema. Kisha walitaka kumpigia wimbo wake wa kuingilia, kwa heshima. Akawaomba wasipige. Tukatoka uwanjani. Niliamini tumeenda bure.

Bado tunaishi nyuma ya duka. Siwezi kusema amepona, wala kwamba mimi nalala vizuri. Nikiona benchi tupu moyo unasimama, hata nikijua yuko chooni. Kuna asubuhi ananiita, kama tulivyokubaliana, na kusema tu, "Leo iko juu," nami naacha kazi nikakae naye mpaka ishuke au mpaka ichoke kutuona.

Juzi afisa alipiga simu. Alisema amemwona daktari, yeye mwenyewe, na vijana wengine wameenda baada yake. Baba aliuliza wanapiga ala gani. Akajibiwa. Kisha akauliza kama wote wanavaa vizibo, akaambiwa karibu wote.

"Karibu wote si wote," akasema, akamrudishia salamu na kukata simu. Kisha akaniuliza kama muthokoi, yale mahindi ya kukoboa na maharagwe, imeiva, kwa sababu anasikia njaa.